Ufa wa Upande wa Abiria

Ufa wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya mchele, tena ulikuwa upande wa abiria, chini kabisa, karibu na pale kifuta mvua kinapolala. Nalisema hili mapema kwa sababu nyumbani kwetu, kwa karibu mwaka mzima, watu wazima wenye akili zao waliuzungumzia ufa ule kana kwamba ulikuwa pazia lililoshushwa mbele ya uso wa dereva. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao.

Dereva alikuwa baba yangu. Jiwe lilirushwa na gurudumu la lori kwenye barabara ya Bweyeye, pale msitu unaposogea karibu na njia, likagonga kioo cha mbele cha gari lake dogo jeupe. Aliporudi jioni aliegesha uani, akatuita mimi na mama, akatushika mikono na kutusogeza hadi kwenye kioo.

"Muone," alisema. "Baliniharibia parebrizi."

Kwenye hiyo parebrizi, yaani kioo cha mbele, tuliona kinyota kidogo chenye mguu mmoja usiozidi urefu wa ukucha. Tukasema pole.

Tangu siku hiyo ukungu wote wa dunia ulitoka kwenye ufa ule. Taa za pikipiki zikimchoma macho, ni ufa. Akimpita jirani bila kumsalimu, ni ufa. Akiegesha gari likalalia maua ya mama, ni ufa. Kila alfajiri aliosha gari, kama alivyofanya miaka arobaini, kisha akazunguka upande wa abiria na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ule ufa. Ukucha ulikwama kidogo, tak. Ndivyo madereva wa zamani wanavyopima kama ufa umekua. Ulikuwa haukui. Lakini alitikisa kichwa na kusema, "Hii parebrizi itaniua siku moja," na mama akajibu kutoka jikoni, "Kweli, Papa, iko mubaya."

Mtu atauliza kwa nini hakuupeleka garaji. Nami niliuliza hivyo wakati ule, na jibu lilikuwa daima wiki ijayo. Sasa najua. Ufa ule alikuwa anauhitaji.

Baba alianza udereva ng'ambo ya mpaka, Bukavu, akiendesha lori la mfanyabiashara wa kahawa. Huko ndiko nilikozaliwa, na tuliporudi Rwanda nikiwa mdogo, Kinyarwanda chetu kilichekwa na watoto wa shule, lakini baba hakuchekwa na mtu. Alishika usukani tu, na watu wakamwita Mzee akiwa bado na nywele nyeusi. Aliwapeleka wagonjwa, maharusi, maiti, wanafunzi. Alinifundisha kubadilisha gurudumu kabla sijajua kusuka nywele, na leo nasuka nywele na kupaka kucha rangi katika saluni yangu ndogo ya Kamembe, na bado gurudumu nalibadilisha haraka kuliko wanaume wengi. Namwambia mtu haya ili aelewe kwamba kumwambia mzee huyu neno "macho" kulikuwa kama kumvua nguo barabarani.

Abiria wake walijua kabla yetu. Siku moja nilipanda naye hadi Bweyeye kumwona mteja aliyefiwa, nikakaa nyuma. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, na njia nzima hakunyamaza.

"Mzee, ona bale mbuzi batatu kule mbele, banaona njia ni yao," alisema, na baba akapunguza mwendo. Kidogo akasema, "Ah, ule papa na baskeli yake ya ndizi, kwani hana haya ya kupita katikati?" Baba akakwepa. Kwenye kona mbaya akasema, "Hapa kona ni ya kushoto, mi naipendaga sana hii kona." Kando yangu mzee mwingine alikohoa na kuongezea kwamba kuna daraja linakuja, nalo limetengenezwa vizuri.

Walikuwa wanamwendesha kwa mazungumzo. Watu ambao bila gari lile wangetembea saa nyingi kwa miguu, wenye kila haki ya kumwomba ashuke ili wasife, walimpa heshima yake yote na njia kwa vipande, kimoja kimoja, kama vile mtu anamsimulia mgeni habari za kijiji. Tulipofika walimshukuru. Yule mama alishuka, akagusa kioo pale penye ufa, akasema, "Mzee, hii kioo inakusumbua kweli. Pole." Nilitaka kumbusu na nilitaka kumpiga kofi.

Mwezi wa saba ndipo lilipotokea la mguu wa mama.

Ilikuwa asubuhi. Vumbi lilikuwa limegeuza migomba yote kuwa ya kahawia, maana hakuna tone lililoanguka kwa wiki nyingi. Mama alikuwa akivuka uani na beseni la mihogo ya kuanika. Baba alikuwa anarudi nyuma na gari ili atoke. Nilikuwa mlangoni, nimeshika kikombe. Nilimwona mama, nikaliona gari, nikafungua mdomo, na hadi leo sijui kwa nini neno halikutoka kwa wakati. Bampa ilimsukuma pajani, taratibu, bila kelele, akaanguka mguu ukiwa umekunjwa chini yake. Baba hakusimama kwa kumwona. Alisimama kwa kusikia beseni linabingirika.

Alishuka. "Nini?"

Mama alikuwa chini, uso mzima vumbi, midomo imekuwa myeupe kwa maumivu. Akasema, "Niliteleza, Papa. Kuna matope."

Hakuna aliyeuliza matope yalitoka wapi. Baba alisema, "Pole, Maman, pole," akambeba, akamlaza kiti cha nyuma, na yeye mwenyewe akatuendesha hospitalini. Njia nzima mama, na mfupa wake umevunjika, alikuwa akisema kwa sauti nyembamba, "Papa, ona ule wa pikipiki, amevaa koti muzuri. Papa, bale batoto ba shule, bengi hivi." Nilikaa na kichwa chake mapajani pangu nikimfuta vumbi usoni.

Mfupa uliunga vibaya. Alirudi nyumbani na mkongojo, na jioni ya kwanza akaniita kitandani.

"Baba yako akijua, atakufa nayo," alisema. "Minakataza."

"Na akiua mutu, Maman?"

"Minakataza, nimesema."

Mimi ni mtu wa hasira, wateja wangu wote wanajua, lakini hasira yangu ni ya mdomo tu. Mbele ya wazazi wangu inakunjwa kama khanga na kuwekwa sandukuni. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa hasahihishwi, mkubwa anasaidiwa asahihike mwenyewe. Nilijaribu mara moja tu. Mwezi wa nane, tukiwa mezani, nilisema kwamba nataka kwenda kwa daktari wa macho kupima yangu, labda Papa anisindikize, naye apimwe, kwa kuwa tutakuwa tumeshafika. Aliweka kijiko chini. Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu alikwenda Bweyeye na kurudi, peke yake, bila abiria wa kumwambia habari za mbuzi, ili anionyeshe. Aliporudi kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka, akasema ni lori. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema chochote kuhusu familia inayomfichia mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Mvua zilipoanza, mwezi wa kumi, jirani zetu walikuja kumwomba awapeleke harusini Bweyeye siku ya Jumapili: baba na mama wa bibi harusi, shangazi mmoja, na watoto wawili wa kubeba maua. Njia ile, mvua ile. Nilimtazama baba nikiomba akatae. Alinyoosha mgongo kitini kama kijana.

"Nitawapeleka," alisema. "Parebrizi tu ndiyo iko inanisumbua."

Mama alinitazama mimi. Nami nikasikia sauti yangu ikisema mbele ya wageni, "Nitaitengeneza, Papa. Jumamosi."

Hakuweza kukataa. Alikuwa ameshalalamika mbele za watu.

Nitasema ukweli wa nia yangu, maana sina sababu ya kujipamba. Sikuitaka kazi ile kwa upendo tu. Nilikuwa mwoga. Kusema nilishindwa, nikataka kioo kiseme badala yangu. Nilijiambia: ufa ukiisha na ukungu ukabaki, atajua mwenyewe, na hakuna mtu atakayekuwa amemwambia. Niliona ni ujanja mkubwa, tena wenye adabu.

Ijumaa nilikwenda kwa fundi wa vioo Kamembe, mzee Mwislamu ambaye familia yao imekata vioo vya madirisha na picha tangu sijazaliwa. Anauza pia gundi ya kioo cha gari, ile nyepesi kama maji, pamoja na kikombe cha mpira cha kunyonya na kijibomba chake. Aliniuliza ufa ni mkubwa kiasi gani. Nikamwambia punje ya mchele.

"Upande gani, dada?"

"Wa abiria. Chini."

Alikuwa akikata kioo, akamaliza kwanza mstari wake, akakivunja vizuri juu ya meza.

"Basi huo hauwezi kumzuia dereva kuona," alisema.

"Najua."

"Ni gari la mzee wako?"

"Ndiyo."

Akanifungia vitu kwenye gazeti. Alinieleza hatua zote polepole: kisafishe, kikaushe hadi ndani, maana tone la maji likibaki litafungiwa humo milele, tia gundi, vuta hewa, sukuma, vuta tena, funika kwa karatasi ya plastiki, kisha jua likaushe. Kazi ya kioo haipendi haraka, alisema, na usiposikia utaona mguu wa ufa unakimbia hadi juu. Nilipokuwa natoka aliongeza, bila kunitazama, "Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi." Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu alikuwa amesema kile nilichokuwa nalipia gundi ili nisikiseme.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Nilikwenda na jembe langu kuzibua mtaro na wenzangu wa mtaa, na magari yalikuwa hayatembei, kwa hiyo lile jeupe lilikuwa palepale uani nilipoliacha. Niliporudi na kunawa, mawingu yalikuwa yamepanda kutoka ziwani na kukaa juu yetu. Jua halikuwepo. Nikatoa waya mrefu dirishani na kuleta vitu vyangu vya saluni: mashine ya kukaushia nywele, na ile taa ndogo ya zambarau ya kukaushia kucha. Baba alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka akicheka kuhusu gari.

"Unataka kupaka parebrizi yangu rangi?"

"Nyekundu, Papa. Ipendeze harusini."

Alikaa kwenye kigoda nyuma yangu. Mama alikaa mlangoni akichambua maharage, mkongojo umeegemea ukuta. Nilifunga turubai juu ya gari kuzuia manyunyu. Nilichokoa vumbi la kioo kwa sindano, chembe kwa chembe, nikapuliza hewa ya vuguvugu hadi kioo kikauke bila kuchemka. Nilibandika kile kikombe cha mpira, nikakaza kijibomba, nikatia matone mawili. Halafu nikazungusha parafujo kusukuma, nikangoja, nikalegeza kuvuta hewa, nikangoja. Mtu akiinama karibu anaona gundi inavyoingia: ule mguu mweupe wa ufa unaanza kupotea kutoka ncha moja, kama njia inayomezwa na majani.

"Inaendaje, mutoto wangu?" aliuliza kila baada ya dakika chache.

"Inaingia, Papa."

"Usikaze sana. Kioo inataka uvumilivu."

Alinieleza tena jinsi alivyovuka milima ya ng'ambo na lori lisilo na kioo cha mbele kabisa, amejifunga shuka usoni, na kahawa ikafika. Alisimulia vizuri. Kila mara alipotaka kunionyesha kitu kwa kidole, kidole kilielekea pembeni kidogo ya mahali kitu kilipo. Nilikuwa nikiyaona hayo kila siku, na siku ile niliinama zaidi juu ya kioo. Niliipenda sauti yake, na nilikuwa nimekaa pale namtengenezea mtego.

Sehemu hii nitaisema hapa ili nisilazimike kuirudia mwisho. Wiki mbili baadaye daktari wa macho alituambia kwamba presha ya macho huua polepole na kimya, kutoka pembeni kuja katikati, na kilichokufa hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebaki na kidirisha. Dawa ya matone ingekilinda hicho kilichobaki, na mwaka mmoja kabla ingelinda kikubwa zaidi. Alituuliza mimi na mama kama hatukuona dalili yoyote. Mama alitazama mkongojo wake, nami nikatazama mkoba wangu.

Basi. Nilifunika gundi kwa ile karatasi ya plastiki, nikashikilia taa ya kucha juu yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi mkono ukafa ganzi. Nikabandua. Nikakwangua kwa wembe mpya, nikiulaza kama ninavyoondoa rangi iliyomwagika kwenye ngozi ya mteja. Nikafuta kwa kitambaa. Palibaki alama kama ya tone la maji lililokauka, ambayo ni mimi tu ningeweza kuipata, kwa kuwa nilijua pa kutafuta. Katika maisha yangu sijafanya kazi safi kuliko ile.

"Papa, imeisha. Kuja uone."

Alikuja akaingia, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na jua liliangukia uani. Mama alikuwa ameinuka kwenda kufungua geti, kana kwamba kweli gari litatoka, akawa amesimama mbele kabisa, hatua kumi, na mkongojo wake. Baba alitazama huko. Akafuta kioo kwa ndani na mkono wa shati. Akatazama tena. Akafuta tena.

"Haukutengeneza," alisema.

"Nimetengeneza, Papa."

"Unanidanganya. Ukungu iko palepale."

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga, kioo kiseme. Alishuka, akazunguka mbele ya gari mkono ukifuata boneti, hadi upande wa abiria. Alipafahamu mahali bila kupatazama. Akaweka ukucha wa kidole gumba, akaupitisha.

Haukukwama.

Akaupitisha tena, kutoka juu. Akaupitisha kutoka pembeni. Kazi yangu ni kushika mikono ya watu siku nzima, na sijawahi kuona mkono ukitafuta kasoro kwa bidii namna ile. Ujanja wangu wote ulinitoka. Nilitamani gundi itoke, kioo kipasuke chote, chochote kile ili ukucha ule ukwame.

"Haiko," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Papa."

Alibaki ameinama. "Mulikuwa munajua?"

"Ndiyo, Papa."

"Bote?"

"Bote."

"Tangu wakati gani?"

Hapo ningeweza kusema jana, ningeweza kusema sikumbuki. Lakini uongo ulikuwa umeniisha mdomoni, nikasema, "Tangu kabla ya mwezi wa saba."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Alinyanyua kichwa. Mama alikuwa anakuja kutoka getini, na mkongojo ulikuwa unagonga udongo, to, to, to. Baba aligeuza uso kuufuata ule mlio, akakosea kidogo, akaurekebisha.

"Maman," alisema. "Muguu yako."

"Niliteleza, Papa," mama alijibu hapohapo, haraka, kama mtu aliyekaa miezi yote akilingoja swali hilo. "Kulikuwa matope."

Kiganja cha baba kilikuwa bado juu ya kioo.

"Mwezi wa saba," alisema polepole. "Matope ilitoka wapi?"

Ufunguo ulikuwa bado garini. Nilikwenda nikauchomoa, na hakuna aliyenizuia.